Mshipa Haukai kwenye Ratiba

Mwaka 1962 Chuo cha Tiba ya Kichina cha Beijing kilitoa wahitimu wake wa kwanza. Miaka sita ya masomo ilikuwa imetimia, na serikali ilikuwa imepata ilichoagiza mwaka 1956: matabibu wa jadi waliotoka chuoni, si sebuleni kwa baba zao. Mwezi Julai mwaka huohuo, wazee watano waliokuwa wakifundisha hapo walikaa wakaandika barua kwa Wizara ya Afya. Walikuwa Qin Bowei, Ren Yingqiu, Yu Daoji, Chen Shenwu na Li Chongren. Haikuwa barua ya pongezi. Walieleza kwamba vijana hao wamepitishwa katika masomo mengi, lakini Kichina cha kale kinawapa taabu, vitabu vya msingi vya fani wamevionja tu, na uwezo wao wa kutibu bado haujafika pale ulipotarajiwa. Wakapendekeza ratiba ifumuliwe, saa za vitabu vya kale ziongezwe, na kukariri kurudishwe.

Malalamiko juu ya mradi kwa kawaida huletwa na waliokosa kiti mezani. Hawa walikuwa mezani. Wengine wao walikuwa wametumia nusu ya maisha yao kuomba vyuo kama hivyo vijengwe, na sasa vimejengwa, wanafunzi wamejaa, mishahara inalipwa, wao ndio wa kwanza kusema kuna kitu hakijapita.

Tangu wakati huo elimu hii imefanyiwa marekebisho mengi, na ukiyafuatilia moja moja unaona kwamba mpango wa 1956 haukushindwa. Ulitekelezwa kuliko mipango mingi tunayoifahamu. Ulitaka vyuo, vikapatikana. Ulitaka kitabu kimoja cha kiada, kikaandikwa. Ulitaka shahada, zikatolewa. Kilichopotea ni kile ambacho hakikuwa na safu yake katika jedwali la utekelezaji, na kila mara serikali ilipotaka kukirudisha, iliona hapana budi kwanza kukitengenezea safu.

Kuelewa kwa nini wazee wale walitaka vyuo kwa uchungu namna ile, lazima turudi mwaka 1929. Mwezi Februari, mjini Nanjing, daktari Yu Yunxiu, aliyesomea udaktari wa kisasa nchini Japani, alipeleka kwenye kamati kuu ya afya ya serikali pendekezo la kuimaliza tiba ya Kichina. Hakutaka ipigwe marufuku kwa siku moja. Alitaka waliopo waandikishwe, wapewe mafunzo, na shule za kuzalisha wengine zizuiwe, ili fani ife yenyewe pamoja na wazee wake. Lilikuwa pendekezo la mtu anayejua wapi pa kukata, maana fani isiyo na wanafunzi haihitaji kupigwa vita. Tarehe 17 Machi matabibu kutoka majimbo mengi walikusanyika Shanghai kupinga, maduka ya dawa nayo yakafunga milango, na serikali ikarudi nyuma. Lakini Wizara ya Elimu iliendelea kuzinyima shule zao hadhi ya kuitwa shule.

Qin Bowei alikuwa mtoto wa mapambano hayo. Alisoma katika shule ambayo tabibu maarufu Ding Ganren na wenzake waliifungua Shanghai mwaka 1917, mojawapo ya shule za mwanzo za kufundisha tiba hii darasani. Kwa hiyo hakuwa mzee wa kijijini anayeogopa ubao na chaki. Aliamini darasa. Baada ya 1949 aliona pia mambo yakigeuka mara mbili: kwanza, miaka ya mwanzo ya serikali mpya, matabibu wa jadi walipelekwa kozi za kufundishwa anatomia na vijidudu, kana kwamba walichokijua wao ni maandalizi tu, kisha kuanzia 1954 upepo ukageuka, viongozi wa wizara wakakaripiwa kwa kuidharau tiba ya Kichina, Chuo cha Utafiti kikafunguliwa Beijing mwishoni mwa 1955, na mwaka uliofuata vikaanza vyuo vinne kwa mpigo: Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu.

Vyuo vinne, na walimu? Hapa ndipo makaratasi yalipokutana na uwanja. Matabibu walikuwepo wengi, lakini tabibu si mwalimu. Wengi walikuwa wamejifunza kwa mtu mmoja, na walichojua kilikuwa kimeshonana na mazoea ya huyo mtu mmoja. Kusini walikuwepo waliotibu homa kwa mafundisho ya maradhi ya joto. Wengine waliapa kwa kitabu cha Zhang Zhongjing cha maradhi ya baridi, kilichoandikwa mwanzoni mwa karne ya 3. Mmoja angekupa dawa ya kupoza, mwingine kwa mgonjwa yuleyule angekupa ya kupasha moto, na wote wawili wangekuonyesha ukurasa. Familia mbili za matabibu zinaweza kuishi mtaa mmoja kwa vizazi vitatu bila kukubaliana, na hakuna anayeumia isipokuwa labda mgonjwa. Chuo hakiwezi. Chuo kina mtihani, na mtihani unataka jibu moja.

Jibu hilo lilitengenezwa zaidi Nanjing. Mwaka 1954 mkoa wa Jiangsu ulikuwa umefungua shule ya kuwaendeleza matabibu, chini ya Cheng Dan'an, mtaalamu wa sindano. Shule hiyo ikawa kiwanda cha walimu: matabibu waliingia, wakafundishwa kufundisha, na baadhi yao wakapelekwa Beijing kukiokoa chuo kilichokuwa na wanafunzi wengi na wahadhiri wachache. Humohumo likaandikwa, na kuchapishwa mwaka 1958, buku la muhtasari wa tiba ya Kichina ambalo ndilo lililowaonyesha wengine namna ya kuipanga fani nzima katika sura: nadharia kwanza, yaani yin na yang, hatua tano na viungo vya ndani, halafu uchunguzi wa mgonjwa, halafu dawa moja moja, halafu michanganyiko ya dawa, halafu magonjwa kwa idara zake. Vitabu rasmi vya kitaifa vilifuata kuanzia 1960, na kila toleo jipya limekaa ndani ya mifupa hiyohiyo.

Mpangilio huo unaonekana wa kawaida mno, ndiyo maana ni rahisi kupita bila kuona ulichofanya. Mwanagenzi wa zamani alianza upande wa pili. Mtoto wa miaka kumi na kitu alikariri tungo za dawa kabla hajaelewa neno moja la maana yake. Tungo zilizokusanywa na Wang Ang mwaka 1694, kwa mfano, ziliimbwa na vizazi vya wanafunzi kama watoto wa madrasa wanavyoshika juzuu. Kisha alipima dawa kwenye mizani, akakatakata mizizi, akanusa, akaonja, akajua kwa ulimi ipi kali na ipi tamu. Kisha aliketi pembeni mwa mwalimu akinakili vyeti vya dawa. Miaka ilipita. Nadharia ilikuja mwisho, ikimkuta mtu aliyekwisha kuona mamia ya wagonjwa na anayetafuta namna ya kuelewa alichokiona. Kitabu cha kiada kiliigeuza safari hiyo juu chini. Mwanafunzi sasa anaijua nadharia ya ini kabla hajamwona mtu mwenye ugonjwa wa ini, na atamwona miaka minne baadaye.

Sisemi kwamba zamani kulikuwa bora. Njia ile ya zamani ilikuwa na ukatili wake. Baba alimpa mwanawe siri na kumnyima binti, kwa kuwa binti ataolewa na siri itaondoka naye. Mwalimu angeweza kumtumikisha kijana miaka mitatu ya kufagia na kuchota maji, na bado akaficha mchanganyiko mmoja uliomlisha. Aliyezaliwa nje ya nyumba za matabibu alibaki nje. Vyuo vilivunja ukuta huo, na leo madarasa yamejaa wasichana na watoto wa wakulima ambao hakuna babu yao aliyewahi kushika sindano. Wazee watano hawakuomba ukuta ule ujengwe tena. Waliomba saa.

Walichopata ni kitu kingine. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, barua ile iligeuzwa kuwa ushahidi dhidi yao: kumbe wanataka kuturudisha kwenye mambo ya kale. Chen Shenwu alifariki 1969, Qin Bowei 1970. Vyuo vilikuwa vimeacha kupokea wanafunzi, na mzigo wa tiba vijijini ukawa juu ya wale walioitwa madaktari pekupeku, zaidi ya milioni moja ifikapo katikati ya miaka ya 1970, waliofundishwa miezi michache namna ya kutoa chanjo, kuchoma sindano za Kichina na kuchemsha mitishamba ya porini. Hao ni habari nyingine ndefu. Mtihani wa kitaifa wa kuingia vyuoni uliporudi mwaka 1977, vyuo vya tiba ya Kichina vilifufuka, na mifupa ya Nanjing ikafufuka navyo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa leo anasoma nini? Shahada ni miaka mitano, mwaka wa mwisho ukiwa wa utarajali hospitalini. Humo ndani kuna anatomia, fiziolojia, patholojia, famasia ya kisasa, utabibu wa ndani wa kisasa, Kiingereza, siasa, kompyuta. Sehemu kubwa ya saa za kitaaluma huchukuliwa na tiba ya kisasa, na ni haki: atakayekutana na mtu mwenye kidole tumbo kilichooza asidhani ni upepo. Lakini saa za siku hazikuongezwa. Kitabu cha Mfalme wa Manjano, ambacho tabibu wa zamani alikuwa nacho kifuani, sasa ni somo la muhula mmoja lenye dondoo zilizochaguliwa, tena zikiambatana na tafsiri ya Kichina cha leo pembeni.

Chukua mshipa. Tabibu huweka vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono wa mgonjwa, cha shahada, cha kati na cha pete, na kila kidole husikiliza mahali pake. Anagusa kidogo, anabonyeza kiasi, anabonyeza hadi karibu na mfupa. Kisha mkono wa pili. Li Shizhen, katika kijitabu chake cha mwaka 1564, alieleza aina 27 za mapigo. Kitabu cha kiada hutaja 28. Kuna mshipa unaoelea, uliozama, unaoteleza, mwembamba, uliokazwa kama uzi wa upinde. Mwanafunzi huyajua majina yote na sifa zake kwa wiki chache, na mtihani wa maandishi utamuuliza: mshipa unaoteleza huonekana katika hali zipi? Atajibu kohozi, chakula kisichosagika, ujauzito. Atapata alama zote. Vidole vyake bado havijui.

Vidole hujifunza kwenye kliniki ya mzee, asubuhi. Mgonjwa ameketi, mkono wake umelazwa juu ya kimto kidogo cha kitambaa. Mzee anashika mkono wa kushoto. Mwanafunzi wa kwanza anaruhusiwa kushika wa kulia. Mwanafunzi wa pili yuko kwenye kompyuta anaandika historia ya ugonjwa, wa tatu amesimama na daftari, na mlangoni kuna wengine wanaosubiri na picha zao za CT kwenye mifuko mikubwa ya plastiki, maana siku hizi hakuna anayekuja kwa tabibu wa jadi bila kupitia mashine kwanza. Mzee anauliza usingizi ukoje, choo kikoje, anatazama ulimi, anataja dawa kumi na mbili kwa sauti ya chini bila kupumua, na mwanafunzi anaandika. Halafu anamgeukia yule wa kulia: umesikia nini? Kijana anasema mwembamba. Mzee anasema shika tena, bonyeza zaidi. Kijana anashika tena. Mgonjwa, ambaye yeye hakuja kufundishia, anavumilia.

Hapo ndipo penye elimu, na hapo ndipo mwanafunzi wa chuo hufika kwa kuibia. Hakuna aliyempangia. Kuna wanaomaliza vipindi wakapanda basi kwenda kliniki ya mwalimu wanayempenda, wakiomba tu nafasi ya kusimama. Yule mzee huwa na wanafunzi wanane nyuma ya kiti, na katika hesabu za chuo saa hizo hazipo.

Kuna kisa cha kale kinachoonyesha kwamba tatizo la mtihani ni kongwe kuliko vyuo. Mwaka 1027, zama za ufalme wa Song, ofisa wa tiba Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu mbili za shaba za mtu mzima, zenye matundu mahali pa kuchomea sindano. Kwa mtihani sanamu ilipakwa nta na kujazwa maji ndani. Mtahiniwa akichoma mahali penyewe, maji yanatoka. Akikosea, sindano inagota kwenye shaba. Ni kifaa cha kupendeza, na ni vigumu kubuni mtihani wa haki zaidi ya huo. Ila maji yanaeleza tu kwamba umepajua mahali. Kama mtu huyu alihitaji sindano pale, siku ile, kwa kina kile, sanamu haina la kusema. Miaka karibu elfu moja baadaye leseni ya udaktari wa Kichina bado inapitia kwenye karatasi ya maswali ya kuchagua.

Mwaka wa tano humpeleka mwanafunzi wodini, na wengi huko ndiko wanakopigwa na butwaa. Hospitali ya tiba ya Kichina, ukiingia, ni hospitali: kuna ultrasaundi, maabara, dripu, chumba cha wagonjwa mahututi. Mgonjwa mwenye homa ya mapafu hupewa antibayotiki na juu yake mchanganyiko wa mitishamba. Akipona, ni nini kimemponya? Mwanafunzi anayetaka kujua kama dawa yake ilifanya kazi hana namna ya kujua, kwa sababu haikuachwa peke yake hata siku moja. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Eric Karchmer, aliyesoma shahada hii Beijing kama wenyeji, ameandika sana juu ya hali hiyo: tabibu wa leo hutibu kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na ile ya kisasa ndiyo hushika usukani mambo yakichachamaa. Na anayetaka shahada ya uzamili au uzamivu hupelekwa maabara. Kuna wahitimu wengi wa udaktari wa tiba ya Kichina waliotumia miaka yao mizuri wakihesabu seli za panya. Liu Lihong, mhadhiri wa Guangxi, aliyaandika manung'uniko haya katika kitabu kilichotoka 2003 na kikanunuliwa kama njugu, hasa na wanafunzi wenyewe.

Serikali haikuwa kiziwi. Mwaka 1990 iliamua kuuleta uanagenzi ndani ya mfumo. Matabibu wazee 500 waliteuliwa nchi nzima, wakapewa warithi, na mwezi Oktoba sherehe ya walimu na wanafunzi ikafanyika kwenye Ukumbi Mkuu wa Umma jijini Beijing. Deng Tietao wa Guangzhou, aliyekuja kufariki 2019 akiwa na zaidi ya miaka mia, alikuwepo akazungumza kwa niaba ya walimu. Mpango ulikuwa wa miaka mitatu na umerudiwa awamu kwa awamu hadi leo.

Ni mpango ninaouheshimu, na ndiyo maana unastahili kutazamwa kwa karibu. Warithi hawakuwa vijana. Walikuwa madaktari waliokwisha ajiriwa, wenye vyeo na zamu zao hospitalini. Uanagenzi wao ukawa siku kadhaa za wiki, kati ya zamu na kikao. Na kwa kuwa fedha ya umma inatoka, lazima kuwe na ushahidi: shajara ya kila mwezi, ripoti za wagonjwa, andiko la kuhitimisha kuhusu mawazo ya mwalimu, tathmini ya katikati, tathmini ya mwisho. Mzee aliyefunzwa na mtu ambaye hakuwahi kumjazia fomu hata moja sasa anaweka saini kuthibitisha kwamba mrithi wake amefikisha saa. Mengi mazuri yalitoka humo, hasa vitabu vya kumbukumbu za tiba ambavyo vingezikwa na wenyewe. Lakini kitu kilekile kilichosukwa ili kukwepa darasa kiliishia kuwa na muhula, alama na mahafali. Ningependa kumlaumu mtu, na simwoni. Aliyeandika fomu alikuwa na mkaguzi wa hesabu nyuma yake.

Elisabeth Hsu, mwanaanthropolojia wa Oxford, aliliona jambo hili kabla ya fomu. Mwaka 1988 na 1989 alikaa Kunming akijifunza kwa wakati mmoja sehemu tatu: kwa mponyaji wa qigong aliyefundisha kwa siri, kwa daktari mzee aliyesoma vitabu vya kale na wanafunzi wachache, na kwenye madarasa ya chuo cha mkoa. Kitabu alichotoa 1999 kinaonyesha kwamba maneno yalikuwa yaleyale sehemu zote tatu, ila yalifanya kazi tofauti. Chuoni neno lilikuwa na fasili moja. Kwa daktari mzee neno lilinyumbuka kufuata mgonjwa, na mwanafunzi aliyedai fasili alionekana hajaelewa swali.

Hsu baadaye alihamishia utafiti wake kwetu, Afrika Mashariki, kwenye kliniki za Wachina zilizochipuka mijini kuanzia miaka ya 1990. Alichokuta kinatupa picha ya kitu gani husafiri kirahisi. Dukani kwa daktari wa Kichina, Dar es Salaam au Mjini Unguja, mgonjwa aghalabu alitoka na vidonge vya kopo, vilivyotengenezwa kiwandani, na si furushi la mizizi lililopimwa kwa ajili yake. Elimu iliyopangwa katika sura na vidonge vilivyopangwa kwenye makopo huvuka bahari pamoja. Vidole vitatu haviwezi kuwekwa kwenye kontena. Ni vizuri kukumbuka pia kwamba mkoa uliotunga muhtasari ule wa 1958, Jiangsu, ndio unaoleta madaktari Zanzibar kwa zamu tangu miaka ya 1960, ingawa wengi wao ni madaktari wa upasuaji, macho na uzazi, na aliyeshika sindano za Kichina huwa mmojawapo tu.

Kuna mradi mmoja wa elimu ambao matokeo yake yalizidi mpango, na hayo nayo yametufikia. Mwaka 1958 Mao Zedong aliagiza madaktari wa kisasa wafundishwe tiba ya Kichina kwa kozi za miaka miwili au zaidi, waachwe bila kazi nyingine. Lengo lilikuwa kuziunganisha tiba mbili, jambo ambalo halijatokea kwa namna iliyootwa kwenye hotuba. Lakini kati ya 1959 na 1962 kozi hiyo ilimpitisha mfamasia mmoja, Tu Youyou. Alipopewa mwaka 1969 kazi ya kutafuta dawa ya malaria kwa ajili ya mradi wa kijeshi, alijua kusoma vitabu vya kale. Katika kitabu cha tiba za dharura cha Ge Hong, cha karne ya 4, alikuta maelekezo ya kuloweka mmea wa qinghao katika maji na kuukamua, si kuuchemsha. Akashuku kwamba moto ndio ulioharibu majaribio yaliyotangulia, akatumia etha yenye kuchemka kwa joto dogo, na artemisini ikapatikana. Nobel ilikuja 2015. Dawa mseto ambayo Tanzania iliipitisha mwaka 2006, ile ALu inayotolewa kila zahanati, ina asili yake kwenye sentensi ile. Hakuna aliyeandika kwenye malengo ya 1958 kwamba mtu mmoja asome sentensi moja vizuri.

Tarehe 1 Julai 2017 Sheria ya Tiba ya Kichina ilianza kutumika, na miezi michache baadaye kanuni zikafungua mlango wa pembeni. Aliyesoma kwa mwalimu miaka mitano mfululizo, au aliyetibu kwa muda kama huo, anaweza kuomba kupimwa na mkoa bila shahada. Anahitaji matabibu wawili wenye leseni wa kumpendekeza. Mbele yake wanakaa wataalamu wasiopungua watano, wanamuuliza juu ya wagonjwa aliowatibu, wanamtazama akifanya. Akifaulu anapewa cheti kinachotaja maradhi anayoruhusiwa kuyatibu na njia anayoruhusiwa kuitumia. Mwenye shahada haandikiwi mipaka hiyo. Baada ya sheria ya udaktari ya 1998 kuwabana wasio na vyeti, mtu aliyefunzwa na mwalimu tu sasa ana pa kupitia, ingawa ni mlango mwembamba na bawabu wake ana daftari.

Na wale vijana wa 1962, ambao wazee watano waliona hawajaiva? Wang Yongyan alikuwa mmoja wao. Alibaki kwenye hospitali ya chuo, Dongzhimen, miguuni pa tabibu Dong Jianhua, akaja kuwa mwanachama wa Taasisi ya Uhandisi ya China na mkuu wa chuo kilekile. Chao Enxiang, wa darasa hilohilo, alipelekwa Mongolia ya Ndani akakaa huko kama miaka ishirini akitibu mapafu ya watu wa baridi kali, akarudi Beijing, na mwaka 2014 akatajwa miongoni mwa magwiji 30 wa kitaifa wa tiba ya Kichina. Wasomaji wengine huona hapa kwamba wazee walikosea. Mimi naona kwamba walikuwa sahihi kuhusu siku ya mahafali, ila hawakujua miaka iliyofuata. Vijana wale walifundishwa darasani na Qin Bowei mwenyewe, kisha wakapewa wagonjwa kwa miongo, na kisha waliobahatika wakapata mzee wa pili.

Mhitimu wa sasa, baada ya miaka mitano ya shahada, huingia kwenye miaka mitatu ya mafunzo ya ukaazi yaliyosambazwa nchi nzima kuanzia 2014. Anazungushwa idara kwa idara, wiki chache hapa, miezi michache pale, na katika kila idara kuna kitabu cha kusainiwa kuonyesha ameona magonjwa mangapi na amefanya taratibu zipi. Idara ya mzee anayempenda iko kwenye mzunguko. Amepangiwa huko miezi miwili.